Aliyenifunga Alikuja Kuniomba Kura

Mtu aliyenipeleka jela alikuja kuniomba kura.

Sitanii. Mimi nimevaa sare ya wafungwa, yeye amevaa suti ya kanisani, na mwenye shida alikuwa yeye.

Kabla hujaniita mwongo, ngoja nikupe mkanda mzima.

Naitwa Orrin Peaslee. Nimezurura sana. Nimekata magogo, nimepika melini, nimekamua ng'ombe wa watu, na shule nimeisoma vipande vipande. Uzeeni nikarudi kwa Mama, Pruitt, kimji cha milimani katika jimbo la Vermont, ambako ng'ombe ni wengi kuliko wapiga kura.

Kwetu theluji ikianza kuyeyuka, barabara za udongo zinageuka uji. Ya kwenda kwa Mama ndiyo balaa kabisa.

Mama Hester ana miaka themanini na kitu, na moyo wake unadunda unavyotaka wenyewe. Mwaka mmoja, wakati wa uji huo, moyo ulimzidi. Gari la wagonjwa likazama njiani. Wahudumu wakambeba kwenye kiti mpaka kwenye lami, matope magotini, huku anawatukana kwamba wanamtikisa.

Nikasema sasa basi. Nikachukua greda la mji, bila kumwuliza mtu, ili nikaichonge ile barabara mwenyewe.

Tatizo, njia ya mkato inapita kwenye daraja la mbao, lile lenye paa, la enzi za farasi. Kuna kibao kikubwa pale: magari mazito marufuku.

Nilikiona. Nikajisemea, greda si gari.

Daraja likanijibu.

Greda mtoni, paa la daraja kichwani, na mimi nimekumbatia usukani kama mtoto wa nyani.

Aisee, watu wa kwetu ungewaibia ng'ombe wangekusamehe. Daraja la mababu, thubutu! Lucien Gaboury, msimamizi wa barabara wa mji, akapanda kizimbani akaeleza alichokiona. Hakuongeza chumvi hata punje. Nikafungwa.

Sasa sikia. Vermont mfungwa anapiga kura. Tena kura yake haibaki kwenye mji wenye jela. Inatiwa kwenye bahasha, inarudi alikotoka.

Na kila Machi, Pruitt inachagua msimamizi wa barabara. Mwaka huo Lucien alikuwa anachuana na Roxana Stannard, dereva wa basi la shule, mama mwenye ulimi wa asali. Ilikuwa patashika.

Ndipo Lucien akaja siku ya kutembelea wafungwa.

"Habari za huku, Orrin?"

"Tunanyea debe tu, bosi. Daraja halijambo?"

Akanuna. Kisha akajikaza. "Nimekuja kuomba kura yako."

Nilicheka mpaka afande akageuka.

"Lucien, si wewe kila mwaka unasimama kwenye mkutano wa mji unasema mfungwa asipige kura?"

"Nilisema, na bado nasema. Aliyevunja sheria akae pembeni, wanaoifuata wachague. Lakini maadamu wamekuruhusu, siwezi kumwachia Roxana kura ya bure."

"We mzee huna haya!"

"Ningekuwa na haya ningezibua mitaro?"

Basi nikamwuliza lile lililokuwa linaninyima usingizi. "Barabara ya Mama. Utaiwekea changarawe mwaka huu?"

Akakuna kidevu. "Kwanza njia ya basi la shule. Halafu ya mama yako, kama changarawe itabaki."

"Isipobaki?"

"Mwakani."

"Hivi unajua kuomba kura wewe? Danganya kidogo basi!"

"Nikikuahidi ili unipigie, si nitakuwa nainunua kura? Unataka nije kulala humu na wewe?"

"Kitanda kipo. Ila kuna Kimball, anakoroma."

Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, nikamwona Lucien Gaboury anacheka. Akachukua kofia yake, akaenda zake.

Roxana yeye hakuja. Alipita kwa Mama. Nilipopiga simu, Mama alikuwa na raha kama bibi harusi.

"Mwanangu, Roxana ameniahidi! Barabara yetu ndiyo ya kwanza!"

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake! Hata kina Desrochers amewaambia yao ndiyo ya kwanza. Na wale wa kiwanda cha mbao. Tutakuwa wa kwanza wote!"

Nikaaga, nikakata simu.

Kimball, mwenzangu wa chumbani, aliponiona nimeinamia karatasi ya kura, akaguna. "Mzee, acha kujisumbua. Wewe unalala humu. Barabara za huko zinakuhusu nini?"

"Mimi nalala humu. Mama analala kule."

Akageukia ukutani akaanza kukoroma.

Nikaweka alama. Nikafunga bahasha, nikatia sahihi nje. Ikaondoka.

Jioni ya uchaguzi nikapiga simu nyumbani. Mama alikuwa amekuwepo ukumbini kura zikihesabiwa, kama wote, kwenye mlo wa maharage na mikate ya tufaha.

"Orrin, huyo Lucien wako! Karani Verna kanyanyua bahasha yako, jamaa karuka juu kama kaumwa na siafu. 'Napinga! Hiyo imetoka jela!'"

"Verna akasemaje?"

"'Lucien, kaa chini ule maharage yako. Sheria inasema inahesabiwa.' Akaitoa karatasi kwenye bahasha, akaichanganya sandukuni na zingine. Tulimpigia makofi!"

"Halafu?"

Mama akashusha pumzi. "Halafu Lucien akashinda. Kwa kura moja. Moja, Orrin! Kuna mjinga mmoja hapa Pruitt katuharibia barabara yetu. Nikimjua, nitampasua kichwa na mwiko wa maharage!"



"Orrin? Upo?"

"Nipo, Mama. Simu inakatakata."

Ndiyo, wanangu. Mjinga ni mimi.

Lucien alisimama mbele ya mji mzima kupigania itupwe kura iliyomweka kwenye kiti. Wangemsikiliza, angetoka sare na Roxana.

Kwa nini nilimpigia? Yule bwana alisema kweli mahakamani ikanifunga. Akaja akasema kweli tena wakati uongo ungemfaa. Wa namna hiyo nilikuwa sijakutana naye nchi nzima, na nimeizunguka.

Alianza na njia ya basi. Changarawe ikabaki. Theluji ya mwaka uliofuata ilipoyeyuka, moyo wa Mama ukamzidi tena, na gari la wagonjwa likapanda mpaka mlangoni. Alitoka na soksi zake kavu. Mama mpaka leo anasema Roxana angeiwahi zaidi.

Lucien naye, mara tu baada ya uchaguzi, alikuja jela kunitambia. "Nimeshinda bila kura yako, Orrin."

"Hongera, bosi," nikamjibu.

Watu wananiuliza, mzee, hivi mfungwa apige kura kweli? Nawaambia, mimi nilifungwa kwa haki, daraja nililivunja. Lakini matope ya mlangoni kwa Mama hayakufungwa pamoja nami. Mkimwondolea mtu kila kitu cha kwao, akitoka mnataka arudi wapi?

Na wewe unayemfahamu Mama Hester, soma kimya kimya. Ule mwiko bado anao.