Nimebomoa Duka la Baba, Naye Anajifunza Kutembea Ili Alirudie

Assalaam alaykum nyote. Admin, jina langu lifiche, maana babangu anajulikana na nusu ya Mji wa Kale. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeachika, naishi na baba na ndiye ninayemuuguza.

Baba ameuza kanga Biashara Street tangu kabla sijazaliwa, katika duka aliloachiwa na babu. Mwaka jana alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukafa. Daktari alituambia hatasimama tena. Hata maneno hayajamkaa sawa mdomoni, alinipa ufunguo kwa mkono wa kushoto akaniambia, "Uwe wafungua, mama, duka lipate hewa."

Kakangu mkubwa alikuja kutoka Nairobi, akakuta duka limefungwa kwa miezi, maana sikuwa na moyo wa kulifungua, na mchwa wameingia darini. Akasema, "Baba harudi pale. Tulitengeneze tulipangishe, lisitufie mikononi." Nami nikakubali. Sitamsingizia mtu, nilikubali, na kwa kuwa yeye alirudi zake Nairobi, kazi yote niliisimamia mimi.

Kanga tuliziuza kwa jumla kwa mwenye duka la jirani. Fundi akang'oa rafu, akabomoa dari, akachimbua ile sakafu ya saruji nyekundu iliyolika pale baba alipokuwa akisimama. Alipofika kwenye kaunta akasita. "Dada, huu ni mvule mtupu. Mzee ana habari?" Nikamwambia, "Ana habari." Akaikata vipande viwili ipite mlangoni. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Kila jioni nilirudi nyumbani na vumbi la chokaa kwenye mtandio. Baba akiniuliza nimetoka wapi, namwambia nilikuwa nikifagia duka. Anafurahi. "Zile kanga za harusi usiziweke chini, zitaota ukungu." Namwitikia, "Nimezipandisha juu, baba."

Basi baba akaanza kujikaza. Mwanzo aliweza kukaa. Kisha akasimama kwa kushika ukuta. Dada anayekuja kumnyoosha viungo alisema hajapata kuona mzee mbishi kama huyu, akamuuliza nguvu azitoa wapi. Baba akamjibu, "Nna duka, mwanangu. Wateja waningoja." Mimi nilikuwa jikoni. Nililia mpaka chapati ikaungua.

Duka sasa limekwisha. Taili nyeupe, rangi mpya, mlango wa vioo, taa za darini. Limependeza, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kaka ametia sahihi mkataba na mtu wa kuuza miwani, na bango lake limeshapandishwa.

Jumanne baba alitembea kwa bakora kutoka chumbani hadi kwenye ngazi na kurudi, bila kushikwa na mtu. Alipokaa jasho lilikuwa likimtoka, lakini alicheka, kwa mara ya kwanza tangu augue. "Jumatatu nipeleke dukani, mama. Nataka niketi tu, hata nisipouza kitu."

Nilimpigia kaka. Akasema, "Mwambie daktari amekataza asitoke." Yaani nimfungie ndani mtu ambaye amejifunza kutembea ili atoke. Nikimwambia kweli, naogopa ataanguka asiinuke tena. Nikinyamaza, atafika kwa miguu yake mwenyewe akute miwani ya watu imepangwa ukutani, na mbele yake nimesimama mimi niliyemwambia kila siku kwamba nafagia.

Mwenzenu sili, silali. Baba amewapigia simu wateja wake wa zamani kuwaambia Jumatatu yupo, wala hakuna aliyethubutu kumwambia kweli, na kinyozi atamjia nyumbani Jumapili. Leo ni Alhamisi. Nishaurini jamani, nimwambieje babangu?