Kipimo cha ndani ya buibui

Juzi sokoni Msambweni, kijana mgeni aliyevaa koti jeupe alikuwa akipima watu kwa mashine. Unashika kichuma chenye waya, mashine inalia, naye anakusomea maradhi yako yote, kisha anakuuzia dawa.

Mama mmoja mtu mzima alikipokea kichuma, akakiingiza ndani ya buibui lake. "Nitakishikia humu humu, mwanangu. Mbele za watu naona haya."

Kijana akakubali kwa adabu. Nani atamwambia mama wa watu ajifunue? Mashine ikalia.

"Bi mkubwa, ini lako limechoka. Na sukari imepanda."

"Ini, eti?"

"Ini. Dawa uanze leo."

Mama akautoa mkono polepole. Kichuma kilikuwa kimechomekwa kwenye muhogo mbichi, ungali na udongo.

Tulicheka sana, hata kijana mwenyewe akacheka. Nikadhani foleni itavunjika. Nikamtazama mzee aliyekuwa anafuata. Aliutazama muhogo, akakitazama kichuma, kisha akakichomoa na kukipangusa udongo kwa upindo wa kanzu yake.

"Haya, nipime mimi," akasema. "Muhogo haujui kukishika."