Mke Mwenza wa Mama

Mimi si mtu wa kutulia. Hata sasa naandika haya nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kukatia vitambaa, na nimeshakwenda dirishani mara nne kutazama kitu ambacho hakipo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nina haraka na mpaka leo sijafika.

Alipopata kiharusi nilifunika cherehani yangu Tanga, nikapanda Lushoto kumuuguza. Upande wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamempotea yote. Ananitazama, namtazama, siku haiishi. Nilifagia ua uliokwisha kufagiliwa.

Aliyekuwa akisema katika nyumba ile ni ng'ombe. Baba alimnunua mwaka mmoja kabla ya kufariki, na mama akampa cheo cha mke mwenza, kwa madai kwamba mzee alimpenda yule kuliko yeye. Huku kwetu milimani ng'ombe hachungwi. Mteremko ni mkali na kila ngazi ya shamba ina kabichi za mtu, kwa hiyo anakaa bandani na majani unamletea kichwani. Huyu alijifunza kudai. Aligonga ubao wa hori kwa kichwa: mara moja, majani, mara tatu, maji. Kuna wakati aligonga mara mbili, na ukimpelekea majani hali, ukimpelekea maji hanywi. Mimi niliuona huo ni ukorofi tu.

Banda liliegemea ukuta wa chumba cha mama. Nilipofika nilivuta kitanda chake kutoka ukuta huo mpaka katikati ya chumba, nipate pa kupita na beseni. Kuanzia siku hiyo ng'ombe akazidi kugonga ile mara mbili yake. Mbili, kimya, mbili, kimya, kutwa nzima. Nilishikwa na hasira. Mgonjwa anahitaji kupumzika, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa nakaribia kupiga kelele. Nikachukua magunia matatu, nikayafunga kwa kamba juu ya ule ubao. Nyumba ikanyamaza.

Mama akaacha kula. Uji nilimpa kwa kijiko, akafumba mdomo. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikatoka nje kulia, nikarudi kumbembeleza tena. Niliamini namwona akifa.

Siku ya nne jirani yetu, mwanamke mtu mzima aliyelima na mama miaka yote, alikuja kumjulia hali. Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akakaa, akasikiliza kidogo.

"Mwanangu, ng'ombe umemuuza? Napita hapo chini simsikii akigonga."

Nikamgeukia mama. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni. Siku zote tatu alidhani nimemuuza nipate fedha za matibabu, na hakuwa na neno la kuniulizia.

"Yupo, mama, yupo," nikasema. "Nilimfunga magunia. Alikuwa anasumbua, anagonga mbili mbili."

"Hiyo mbili hataki kitu," jirani akasema. "Anauliza kama kuna mtu. Mama yako humjibu ukutani, na yeye anatulia."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilikimbia bandani, nikakata kamba kwa mundu. Tulisukuma kitanda mpaka ukutani, tukamgeuza mama ili mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, uguse udongo wa ukuta. Ng'ombe akagonga mbili. Mama akainua ngumi yake nyepesi, akajibu mbili. Jioni ile alimaliza bakuli zima la uji.

Waliishi hivyo karibu mwaka. Maneno yalianza kumrudia mama moja moja, kwa taabu. Kisha presha ikampanda, akalazwa siku tano, nami nikawa naye hospitalini. Tuliporudi jirani alinivuta pembeni kabla sijafungua mlango. Ng'ombe alikuwa amevimba tumbo ghafla. Bwana mifugo alikuja, ikashindikana.

Daktari alikuwa amekataza mama apewe habari mbaya. Lakini sikunyamaza kwa sababu ya daktari. Niliogopa. Kesho yake asubuhi, ukungu bado umejaa uani, niliingia katika banda tupu, nikashika mpini wa jembe na kugonga ubao mara mbili.

Ukuta ulijibu, mbili.

Nilifanya hivyo kila asubuhi. Wiki ya kwanza niliona nimefanikiwa. Wiki ya pili nilianza kukosa usingizi, nikihesabu tu saa za kwenda kudanganya. Asubuhi moja mvua ilikuwa baridi kama barafu. Niligonga mbili. Ukuta haukujibu. Nikagonga tena.

Ikaja sauti ya mama, nzito, neno moja baada ya jingine.

"Mwanangu. Nipo. Ingia ndani, baridi."