Kituo cha Tatu

Nilipohamishiwa Garissa kutoka Nyeri, niwe muuguzi wa kliniki ya gari, niliambiwa mapema kwamba huku hakuna anayeamua jambo peke yake. Njia ya gari ilipangwa na kamati ya pamoja: afisa wa afya, shirika lililotoa gari, wazee, na mama mmoja aliyewakilisha wanawake. Mimi niliandika kumbukumbu za mikutano.

Kisomali sikukijua, wala afisa wa afya hakukijua. Aliyetutafsiria alikuwa mfanyakazi wa shirika, mtu mstaarabu mwenye sauti ya chini.

Siku tulipopitisha vituo vitatu vya gari, yule mama, ambaye huuza maziwa ya ngamia sokoni, alisimama akasema kwa muda mrefu huku akipiga meza kwa kiganja. Alipoketi, mkalimani alisema, "Anashukuru. Anaunga mkono."

"Hayo tu?" nikauliza.

"Hayo ndiyo ya maana."

Mwenyekiti, mmoja wa wale wazee, alicheka. "Daktari, andika tu. Kamati imekubali, habana shida."

Niliandika, lakini sikuamini. Nilidhani mwenyekiti anapeleka gari kwa jamaa zake na mkalimani anamfichia siri.

Alhamisi tulifika kituo cha tatu. Tulikuta mazizi ya miiba yaliyohamwa na majivu yaliyokwisha kupeperuka. Tulikaa mpaka adhuhuri, chanjo zikiwa kwenye barafu, na hakuja mtu. Kumbe hata jamaa za mwenyekiti hawakuwapo. Hilo lilinitia wasiwasi zaidi, maana sasa sikujua nimshuku nani.

Nilimuuliza afisa wa afya ni nani aliyechagua mahali pale. Alisema ni shirika. Shirika likasema ni wazee. Mwenyekiti akanikazia macho. "Sisi? Hiyo ilikuja na karatasi ya serikali. Tukasema, kama serikali inataka, sawa."

Nikaenda sokoni kwa yule mama. Alikuwa akifunga kibuyu cha maziwa, na Kiswahili chake cha biashara kilitosha kabisa.

"Mama, siku ile ulisema nini?"

"Leo ndiyo unauliza? Miaka mbili mimi nakaa kiti ile." Alifuta mikono. "Nilisema gari isiende hapo. Kisima imekauka, watu wamehama. Wako upande ya barabara ya Wajir. Watoto wanakohoa."

Katika mkutano uliofuata, kabla kumbukumbu hazijathibitishwa, nilinyoosha mkono nikaomba mama aseme mwenyewe, kwa Kiswahili. Mkalimani aliinamia simu yake. Mwenyekiti hakucheka. Mama alirudia yale yale, neno kwa neno, na afisa akayasikia kwa masikio yake. Kituo kilihamishwa, na wiki ile tuliwachanja watoto hadi barafu ikayeyuka.

Baadaye nilimuuliza mama kama mkalimani aliyaficha maneno yake makusudi, au alikuwa na haraka ya kumaliza mkutano.

"Wallahi sijui," akasema, akinimiminia maziwa. "Muulize yeye."

Sijamuuliza mpaka leo, ingawa kila Alhamisi tunapanda gari moja. Yeye huketi mbele na dereva, na wakiongea Kisomali, mimi husikiliza nikitafuta maneno machache ninayoyajua.