Rangi Ilitorokea Mkiani

Juzi nilikuwa kwa duka la kompyuta hapa Ruring'u, nikingoja kuchapiwa barua ya kikundi cha akina mama. Msichana mmoja alikuwa akijaribiwa kazi. Mwenye duka alimwonyesha kwa kompyuta mchoro wa ng'ombe wa mistari mitupu, uliotolewa kwa intaneti. "Mpake rangi ya kahawia, kazi ni yako."

Msichana akabonyeza kile kialama cha ndoo cha kumwaga rangi ndani ya mchoro. Kioo kizima kikawa kahawia, ng'ombe na mbingu pamoja. Akarudia mara tatu.

"Na ati uko na cheti cha kompyuta!" mwenye duka akacheka.

Nikasogea nikaangalia. "Msichana wangu, hapo kwa mkia mstari haujafika mwisho, rangi inatorokea kwa hilo pengo. Ziba kwanza."

"Shosho," mwenye duka akaniita kama nyanya yake, "hii ni kompyuta, si boma la mbuzi."

Msichana akaziba, akamwaga tena. Rangi ikatulia ndani ya ng'ombe.

Mwenye duka akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia nilitolewa darasa la pili nikachunge mbuzi, na mbuzi akiona pengo hangoji kuambiwa.

Msichana aliandikwa kazi palepale, kwa sababu ya cheti. Mimi niliambiwa nirudi kwa benchi, nisiguse kioo.