Chumba Alichotengenezewa Mama

Harufu ya chokaa iliyotiwa maji haifanani na harufu nyengine yoyote. Ni kali kidogo puani, halafu baridi, na ndani yake mna kitu kama jiwe lililotoka kunyeshewa. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu, hapa Chukwani, nikisubiri chai ya asubuhi, harufu hiyo ikanijia kutoka chumba cha nyuma. Khamis, mume wa mjukuu wangu Rahma, alikuwa akikipaka chokaa. Wawili hao wanaishi nami tangu walipooana. Rahma ni mjamzito, mwezi wake umekaribia, na nyumba nzima imo katika hekaheka za kumpokea mgeni.

Mama yake Rahma, binti yangu, ameolewa Mkokotoni. Alitaka mwanawe aende akajifungulie huko, akae kwake arubaini nzima kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilipinga. Nilisema hospitali iko karibu na hapa, chumba kipo, Khamis yupo, ya nini kumpeleka mtoto wa watu njia yote ile na tumbo lake? Nilisema yote hayo kwa sauti ya mzee mwenye busara. Sikusema kwamba Rahma ndiye anayenichemshia chai na kunitia dawa ya macho.

Basi nikainusa ile chokaa, na ghafla sikuwa Chukwani tena. Nilikuwa Mkunazini, mtoto wa darasa la pili, nimesimama mlangoni mwa karakana ya baba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Simaanishi kushona. Alitengeneza mashine zenyewe, zile nyeusi zenye maandishi ya dhahabu yaliyofutika, ambazo mafundi wa mji mzima walimletea zikikwama. Tuliishi katika nyumba nyembamba ya zamani. Chini palikuwa na karakana, bomba la maji na choo. Sisi wenyewe tulilala juu, na kufika huko ilibidi upande ngazi ya mbao iliyosimama wima karibu kama ukuta, umeshika kamba iliyoning'inia katikati. Kamba ile ilikuwa laini na nyeusi kwa mikono ya watu waliotutangulia. Mimi niliiona ngazi ile kuwa mchezo. Mama, aliyekuwa na mimba ya mdogo wangu, aliipanda akipumzika kila baada ya vidaraja vichache, mkono mmoja kwenye kamba na mmoja kiunoni.

Aliponizaa mimi, Mama alikwenda kwao Bwejuu. Safari hii mambo yalikuwa tofauti. Mimi nilikuwa nasoma, na baba hakujua kupika hata uji. Kwa hiyo Baba alitaka abaki mjini. Bibi Mize, mama yake mama, alipopata habari alikuja mwenyewe, akakaa juu ya mkeka, akavua ushungi taratibu kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Mzazi hapandi ngazi, mkwe wangu," alisema. "Mwanamke katoka kujifungua, kila akitaka choo ashuke ule ukuta wenu?"

"Juu kuna upepo mzuri, mama," Baba alijitetea.

"Upepo ndio adui mwenyewe!" Bibi akapiga paja lake. "Mzazi anatakiwa joto. Nipatie chumba cha chini, kikavu, kinachofungika, nami nitahamia hapa na kuku wangu, nimkande mwanangu mpaka amalize arubaini. Huna, nnamchukua Bwejuu."

Bibi alijua vyema kwamba chumba cha chini hatuna. Kulikuwa na karakana tu, na karakana ndiyo iliyotulisha.

Mama alikuwa kwenye mbuzi akikuna nazi. Aliendelea kukuna. Nikamsogelea nikamwuliza kama na mimi nitakwenda Bwejuu.

"Una skuli wewe."

"Basi na wewe usende."

Alinitazama, akanivuta sikio polepole, akarudi kwenye nazi yake. Usiku ule sikulala vizuri. Sikuwahi kulala katika nyumba ambayo mama hayumo, na kwa hesabu za kitoto arubaini ilikuwa ni kitu kisicho na mwisho.

Asubuhi ya pili niliamshwa na kelele za chuma. Baba alikuwa anaihamisha karakana. Alitoa mashine moja moja, akazipanga nje kwenye baraza ya nyumba. Akatoa magurudumu, mikanda ya ngozi, makopo ya sindano na misumari, galoni la mafuta, na kiti chake cha miguu mitatu. Jirani yetu Bi Salma, ambaye dirisha lake la juu lilikuwa kama kituo cha polisi cha mtaa, akachungulia.

"Baba Saidi, we! Umefukuzwa na mtoto hata hajazaliwa?"

"Nimehamishwa, Bi Salma. Mwenye nyumba anakuja."

"Na kodi atalipa?"

"Atalipa kwa vilio."

Bi Salma alicheka mpaka akaangusha kibao cha kukatia vitunguu. Tangu hapo, kila aliyepita kichochoroni alijua kwamba fundi cherehani anamtengenezea mkewe chumba cha uzazi. Wanaume walimtania. Wanawake walimsifu, na nadhani walikwenda kuwasimulia waume zao, maana utani wa wanaume ulipungua upesi.

Kazi haikuwa ndogo. Dirisha la chumba kile lilikuwa limezibwa kwa makasha tangu sijazaliwa. Tulipoyaondoa, panya walitoka kwa heshima zao kama wapangaji waliopewa notisi. Kuta zilikuwa zimelowa chumvi, plasta inamenyeka ukiigusa kwa kidole. Baba aliibandua yote, akapiga upya, halafu akapaka chokaa, akasubiri ikauke, akapaka tena. Hakuwa na mazoea na kazi ile. Chokaa ikamuunguza viganja, vikapasuka, akawa anavipaka mafuta ya nazi usiku huku akinikataza nisimwambie mama. Kuikausha sakafu aliwasha jiko la makaa katikati ya chumba, akafungua dirisha na mlango, akakaa kizingitini kulilinda.

Mimi kazi yangu ilikuwa usufi. Mto wa mtoto mchanga hauwi wa pamba ya dukani. Hujazwa usufi uliochambuliwa kwa mkono, kokwa zote zitolewe, kichwa chake kisiumie. Nilikaa na gunia langu kwenye kidaraja cha chini, nikachambua mpaka vidole vikawa haviisikii tena kokwa, na nyuzi zile nyepesi zikaruka nyumba nzima. Zilikaa kwenye masharubu ya baba. Mama alipomwona akasema, "Kumbe nimeolewa na babu," na huo ni miongoni mwa utani wake mchache ninaoukumbuka wa siku zile.

Wakati huo huo wanawake walikuwa na maandalizi yao. Mtoto ambaye hajazaliwa hashonewi nguo mpya kwetu. Ni kama kumwita kwa nguvu. Wanaomba kanga kuukuu kwa waliokwisha kulea, kwa kuwa kanga iliyofuliwa miaka mingi huwa laini kuliko kitu chochote cha dukani. Bi Salma alileta furushi kubwa la kanga hizo. Zikachemshwa, zikaanikwa juani, zikachanwa kuwa vitambaa vya winda. Ukaandaliwa mkaja, kitambaa kirefu cha kumfunga mzazi tumbo. Samli, asali na pilipili manga vikapangwa kwenye rafu ile ile iliyokuwa ya makopo ya misumari. Sufuria la maji ya kukandia lilikuwa kubwa kiasi kwamba nilikaa ndani yake, nikatolewa kwa kofi.

Mama alikuwa akitutazama kutoka kwenye ngazi. Alikaa kidaraja cha katikati, kamba begani, akitutazama tukipita na ndoo na mabeseni. Mimi niliona anatazama kwa furaha. Mtoto akiwa na furaha, huona kila mtu anayo.

Siku Bibi Mize alipokuja kukagua, baba alivaa kanzu safi. Bibi aliingia chumbani bila haraka. Akapapasa ukuta kwa kiganja, akakinusa kiganja. Akainama akagusa sakafu. Akafungua dirisha akalifunga, akafungua akalifunga. Nilijua anatafuta kasoro, na moyo wangu ulikuwa unadunda kama mashine ya kushonea.

"Pakavu," alisema mwishowe, kama mtu aliyelipishwa faini.

Kisha akageuka akamtazama mama. Mama naye alikuwa anavitazama viganja vya baba.

"Baba Saidi kafanya kazi kubwa," alisema mama. Akageuka, akakitazama chumba chote, akaongeza: "Pazuri."

Basi. Ikawa imepita, mama anabaki mjini. Baba alicheka, Bi Salma akapiga vigelegele kutoka dirishani kwake, mimi nikaruka ruka kwenye sakafu mpya mpaka nikakatazwa.

Mama aliniita nimfuate juu. Chini ya kitanda chake mlikuwa na mkoba wa ukili ambao sikujua kama upo. Alikuwa ameshafunga vitu vyake tayari, sijui tangu lini. Akaniambia nivitoe, tuvipeleke chini. Nilivitoa kwa bashasha, kama anayefungua zawadi: kanga zake, shanuo, mtandio, chupa ya mafuta. Chini kabisa, vimefungwa katika kitambaa, nikakuta viatu vya mpira vilivyochakaa, vile ambavyo wanawake wa Bwejuu huvaa kwenda pwani maji yakikupwa, kuokota chaza na kombe, wasichomwe na miiba ya mashetani ya bahari.

"Hivi vya nini, mama? Si umesema mzazi hatoki nje?"

"Viweke tu," akasema. "Vitie chini ya kitanda."

Mdogo wangu Maimuna akazaliwa salama, akalipa kodi yake kwa vilio, na zaidi ya kodi. Bibi Mize alihamia na kuku wake. Mama alikandwa kwa maji ya moto mpaka tukamsikia akipiga kelele mtaa mzima, alifukizwa udi, alinyweshwa uji wa pilipili manga ambao mimi nilipouonja niliona nyota. Baba alifanya kazi barazani. Mvua zilipokuja alifunika mashine zake kwa turubai, akakaa yeye nje ya turubai. Hakuna aliyefanya jambo baya katika kisa hiki. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kukielewa.

Ninachokumbuka cha arubaini ile ni jioni. Dirisha la chumba kile lilitazama ukuta wa nyumba ya pili. Mama alilala ubavu akiutazama ukuta ule, Maimuna kifuani, na kila jioni alimwuliza Bibi maswali yale yale. Maji yanakupwa saa ngapi sasa? Nani wanakwenda pwani siku hizi? Ule mlango wa uani bado unalia ukifunguliwa? Bibi alijibu yote, ingawa na yeye alikuwa mjini na hakuwa na habari mpya. Mimi nilidhani wanapiga soga tu.

Nilikua, nikaoa. Mke wangu Asha alipokuwa na mimba ya kwanza, nikakumbuka sifa alizopata baba, nikataka na mimi nizipate. Nilitengeneza chumba. Nilipaka rangi, nikanunua feni ya dari. Nilimwonesha Asha, naye akasema, "Pazuri." Neno lile lile, na sikulitambua.

Tulipokwisha kuwa wazee, siku moja tulikuwa tunachambua mchele, akaniambia bila kuinua kichwa, "Nilitaka kwenda kwa mama, unajua. Lakini ulikuwa ushanunua feni." Hapo ndipo nilipoviona tena viatu vya mpira chini ya kitanda, na nikaelewa kwamba mama alikuwa amekwisha kufunga safari yake, na sisi tuliompenda tukajitahidi mno asiondoke, kila mmoja akaweka jasho lake pale, mpaka kusema ukweli kukawa ni utovu wa shukrani. Nilimjibu nini Asha? Nilimwambia feni ilikuwa nzuri. Akacheka. Hivi sasa hayupo, na jawabu langu limebaki lile.

Jambo ninaloonea haya zaidi ni kwamba nilikwisha kuambiwa, na bado nikamzuia Rahma.

Chai ilikuja. Rahma aliiweka mezani kwa mkono mmoja, mwengine kiunoni.

"Rahma," nikamwambia, "arubaini yako unataka kuikaa wapi?"

"Hapa pazuri, babu. Khamis anahangaika tangu alfajiri."

"Sikukuuliza kama pazuri, mjukuu wangu."

Alitazama upande wa chumba cha nyuma, ambako brashi ilikuwa inakwangua ukuta, kisha akatazama kikombe changu.

"Kwa mama," akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Brashi ikasita. Khamis akatoa kichwa dirishani, chokaa imemjaa kwenye kope. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi.

"Sasa mie nnapaka nini, babu?"

"Paka, mwanangu. Atarudi, atakikuta kimekauka vizuri."

Alifikiri kidogo. "Mkokotoni kwenyewe mbona karibu," akasema, akarudi ndani. Baada ya muda brashi ikaanza tena, polepole. Rahma alikuwa amekaa pembeni yangu, anafuta macho kwa ncha ya mtandio huku akicheka.

Nilimaliza chai yangu. Halafu nikainuka, nikaenda jikoni, nikamwita anioneshe majani ya chai yanawekwa kopo gani.