Sura Zisizo na Majina, Katonga

Asubuhi ile niliamka Kasingirima, kwa jamaa aliyenihifadhi, nikafunga begi kabla hajaniuliza naelekea wapi. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu ya miguu, si kichwa. Miguu yangu haijawahi kukubali dawati. Begini nilikuwa na nguo chache, flash yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na hamu ya kujua barabara ya Katonga inaishia wapi.

Inaishia ziwani, penye harufu ya dagaa. Ilikuwa miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka ziwa kwa wingi kukimbia machafuko, wengine na godoro, wengine na sufuria tu. Kabla ya kufika mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, niliona studio ya picha, na nje yake foleni isiyosogea. Hakuna aliyesukuma wala kugomba. Foleni ya namna hiyo inatisha.

Mwenye studio alikuwa bibi wa Ujiji, mwenye ushungi mweupe na kamera shingoni.

"Shikamoo, Bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Jana umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Kompyuta inawaka lakini haioni picha hata moja. Wewe fundi?"

"Mpita njia. Ila najua kidogo."

"Wa mwisho naye alijua kidogo."

Kijana wa bodaboda aliyeegemea mlango akadakia, "Bibi, kwa viatu hivyo vilivyochakaa, huyu ataondoka na kipanya chetu."

Bibi alikuwa akiwapiga picha waliovuka, na kila faili la picha akilipa jina la mtu, kijiji chake, na kambi aliyopelekwa. Waliokuja baadaye walipita kutazama kwenye kioo cha kompyuta. Ukimwona ndugu yako, unasoma kambi yake, kisha unaomba upelekwe hukohuko. Kambi zilikuwa zaidi ya moja, na mbalimbali. Mbele ya foleni alisimama mama mmoja Mrundi. Walipoteana na mwanawe ng'ambo, kwenye purukushani za kupanda mitumbwi. Jirani alimwambia ameiona picha ya kijana hapa. Basi la kumpeleka mama kambini lilikuwa linaondoka mchana.

Nikaketi kwenye kompyuta. Mfumo wa faili ndio unaoamua diski ipange vipi vitu na ivikumbuke vipi. Fundi wa kabla yangu aliweka Linux ili kukwepa virusi vya flash za wateja, na hapo hakukosea. Kisha akachagua ext2, mfumo wa zamani usioweka kumbukumbu ya kazi iliyo njiani. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukirudi, diski haijui ilikuwa inafanya nini.

Nikaendesha programu ya kukagua diski. Picha zilirudi, karibu zote, lakini ndani ya folda ya vilivyookotwa, kila moja na namba badala ya jina. Jina la faili halikai ndani ya faili. Hukaa kwenye saraka, yaani orodha ya mafaili, na saraka ndiyo iliyokufa.

Nilizifungua moja baada ya nyingine. Sura zilipita, zikatutazama, zikapita.

"Ni uyu," mama akasema, akagusa kioo. "Ni umwana wanje."

Kijana mwenye shati la kuazima. Hakuitazama kamera. Alitazama pembeni, kama aliyesikia akiitwa.

"Yuko kambi gani?" mama akauliza.

Bibi alitazama sakafu. "Sura naikumbuka, mwanangu. Kambi siikumbuki."

Mama hakuutoa mkono kiooni. Kisha akasema, "Basi nipige picha na mimi. Akirudi kuuliza, anikute."

Bibi alikuwa na diski nyingine nzima kwenye kompyuta mbovu. Nikaichomoa, nikaifunga kwenye hii na kuanza kuweka Linux upya, mpaka nikafika pale panapokutaka uchague mfumo wa faili.

"Weka ule unaokimbia," yule wa bodaboda akashauri.

Ule wa mbio niliwahi kuutumia Mpanda. Umeme ulipokatika nikakuta majina yote yapo, ndani ya faili hamna kitu. Hapa nilikuwa na sura bila majina, kule nilibaki na majina bila sura. Hadi leo sijui kipi kinatisha zaidi. Ulikuwepo pia mfumo mpya zaidi, unaojikagua wenyewe, lakini kompyuta ile ilikuwa dhaifu na mimi sikuujua vizuri. Sikutaka kujifunzia kwenye mtoto wa mtu. Nikachagua ext4, nikaupanga uandike kila kitu kwanza kwenye kumbukumbu yake, picha na jina lake, ndipo ukiweke mahali pake.

"Mara mbili? Si itachelewa?" Bibi akauliza.

"Itachelewa. Inaandika inachotaka kufanya, ndipo inafanya."

"Kumbe inatia nia kabla ya kuswali. Na ikifa katikati?"

"Ikiamka inasoma nia yake. Ikiwa imeandikwa yote, inaitimiza. Ikiwa nusu, inaiacha."

"Weka hiyo," Bibi akasema.

Mama akapigwa picha. Bibi akaandika jina, kijiji na kambi aliyopangiwa, kwa kidole kimoja. Nikaiamuru diski ihifadhi. Taa yake ilikuwa bado inapepesa umeme ulipokatika.

Honi ya basi ikalia barabarani.

"Nimebaki humo?" mama akauliza.

"Umebaki," nikasema. Sikujua. Akaondoka bila kugeuka nyuma.

Umeme ulirudi karibu na magharibi. Mistari ikapita kwenye kioo, diski ikasoma kumbukumbu yake. Picha ilikuwapo, na jina lake. Bibi akalisoma kwa sauti, kisha akalirudia, kama anayemwita mtu aliye uani. Wale wengine wote walibaki namba.

"Kesho watakuja wenye watu wao," akasema. "Lazima mtu akae nao, awaulize kila sura ni ya nani. Una pa kulala?"

"Sina, Bibi."

Akanifungulia chumba cha nyuma, kile cha kupigia picha. Ukutani palining'inia kitambaa kilichochorwa maporomoko ya maji na ngazi nyeupe. Nilitandika mkeka kandokando ya ukuta, si pale katikati waliposimama wote wale waliopigwa picha.